Mama wa Bibi Kokubanza

Jumatatu, 14 Juni 1954
Vidonda tangu alfajiri. Sindano za buba nyingi kuliko jana. Mmoja katembea kutoka Kaisho na kisigino kilichooza, na bado kanitania kwamba mkono wangu ni mzito. Nimefunga zahanati saa saba, nikapanda kilimani kwa Daktari.

Mtaro wa kwanza anaochimbisha umekwisha. Vigae, majivu, mavi ya chuma, mifupa ya ng'ombe. Mtu hakuna. Daktari kaipiga teke ndoo.

Chuo chake huko Ulaya kilimtuma mambo mawili. Ajue buba imeenea wapi leo, na ajue ilianza lini. La kwanza tumelimaliza. Tumezunguka nyumba kwa nyumba, yeye akitazama miguu, mimi nikigeuza Kinyambo kuwa Kiingereza. La pili liko ardhini. Hapa Bweranyange palikuwa na mji wa watawala wa zamani, na anasema buba ya muda mrefu huacha alama kwenye mfupa. Anataka mfupa mmoja tu wa mtu wa mji ule. Mwisho wa mwezi anaondoka.

Amerudia ahadi yake. Nikimsaidia hadi mwisho, ataniandikia barua ya kuingia shule ya waganga wasaidizi. Nimekuwa dresa, mfunga vidonda, miaka tisa. Naitaka barua ile.

Jumatano, 16 Juni
Tumekwenda kwa Bibi Kokubanza. Kibanja chake kimekaa juu ya ukingo wa mji wa zamani. Akilima maharage jembe linagonga vigae. Nimemwamkia shikamoo, kaitikia, katuletea ndizi za kuchoma kwenye jani. Mjane. Ana binti mmoja, kaolewa Nyakasimbi.

Daktari kaniambia nimwombe ruhusa ya kuchimba. Nimeomba.

"Chimbeni huku kwenye migomba iliyozeeka," kasema. "Siwakatazi. Lakini mkifika kwenye mramura, rudini. Ng'ambo ya mti huo amelala mama yangu. Nilikuwa msichana mdogo tulipomzika. Mguu wake ulikuwa mbaya, mwanangu. Alitembea kwa fimbo."

Daktari kaniuliza, anasemaje?

Nimemjibu: anasema tuchimbe, ila tuutunze mti.

Ilitoka haraka. Sikuipanga. Hapana, nasema uongo hata humu. Niliposikia neno mguu, nilikuwa nimekwisha kuipanga.

Alhamisi, 17 Juni
Bibi kapita zahanati asubuhi na kikapu kichwani. Binti yake kajifungua, anakwenda Nyakasimbi kumlea, atakaa wiki. Kaniomba niwaangalie mbuzi wasiingie kwenye migomba yake. Nimekubali.

Mchana nimeshika kamba, Daktari akapima. Kamba imepita mramura hatua nne. Nilikuwa na kinywa. Sikukitumia.

Jumamosi, 19 Juni
Tumemfikia saa nne.

Kalala ubavu, magoti yamekunjwa. Shanga za buluu shingoni, uzi umeoza. Wachimbaji wameweka majembe chini, wakasogea kando. Ni watu wa Kaisho, hawajui kaburi ni la nani. Daktari kashuka mwenyewe na brashi. Alipoisafisha miundi kapiga kelele kama mtu aliyeumwa na nyuki. Yote miwili imevimba na kupinda kwa mbele, kama mundu. Buba. Hata mimi nimeiona. Miguu kama hiyo naifunga bandeji kila wiki.

Kaniuliza wenyeji wanasemaje juu ya mahali hapa. Ni wa wakati gani?

Nimesema ni wa enzi za mji.

Kaandika. Nimesimama nyuma ya bega lake na kumwona akiandika. Mwanamke mwenye binti aliye hai, ambaye wiki hii anambeba kitukuu chake, kaandikwa kuwa mtu wa kale. Nimemdhulumu Bibi, na huyu Mzungu pia nimemdhulumu. Alitaka kujua ukweli wa ugonjwa. Nimempa ule alioupenda.

Jumapili, 20 Juni
Kanisani. Leo kulikuwa na meza ya Bwana. Sikwenda mbele. Mke wangu Adelina kanitazama njia nzima kurudi.

Jumanne, 22 Juni
Tumemfunga kwenye sanduku kwa nyasi kavu. Fuvu juu, mbavu kwenye gazeti. Miundi kaifunga peke yake katika kifurushi kidogo cha posta, itangulie kwao ikapigwe picha. Juu ya sanduku kaniambia niandike, maana mwandiko wangu ni mzuri: Mwanamke. Wa kale. Bweranyange. Nimeandika kwa rangi nyeusi.

Jioni kanipa barua. Nimeisoma mara tatu. Inasema mimi ni hodari, msafi, na mtu wa kuaminika. Nimeiweka ndani ya Biblia, nikaitoa, nikaiweka chini ya godoro.

Jumatano, 23 Juni
Lori la kahawa limeondoka na sanduku na kifurushi kwenda Bukoba. Nimesaidia kupakia.

Alhamisi, 24 Juni
Bibi karudi, kalikuta shimo. Hakuja kupiga kelele. Kaingia kwenye mstari wa wagonjwa, kakaa kwenye benchi, kangoja zamu yake. Watu tisa mbele yake. Sijawahi kufunga bandeji polepole namna ile.

Kafika mezani. Kaangalia mikono yangu.

"Mmemwona?"

"Tumemwona, Bibi."

"Shanga alikuwa nazo?"

"Alikuwa nazo."

"Na mguu? Ulikuwa bado umepinda?"

Nimeitikia kwa kichwa. Kaniuliza yuko wapi. Nikasema ndani ya sanduku, njia ya Bukoba.

"Yule Mzungu ulimwambia nilivyosema?"

"Sikumwambia."

"Basi sina neno na yeye," kasema. "Nina neno na wewe. Mrudishe."

Kanyanyuka. Nyuma yake alikuwa mama na mtoto mwenye kikohozi. Nimempima mtoto. Sikumbuki nimempa dawa gani. Imenibidi niwafuate njiani nikaangalie chupa. Ilikuwa sahihi.

Ijumaa, 25 Juni
Nimemwambia Daktari. Asubuhi, kabla hajanywa chai, ili nisibadili nia. Nimeiweka barua yake mezani kwanza.

Alidhani ni lugha inayonishinda. Nimerudia. Kaburi la mama wa Bibi Kokubanza. Alitukataza. Mimi nilitafsiri kinyume.

Nilingoja matusi. Kachukua daftari lake, kafungua ukurasa wa Jumamosi, kaukata kwa mstari mmoja mrefu. Kisha kaanza kufungua za nyuma. Kurasa za Kaisho. Kurasa za Nyakasimbi.

"Na hawa?" kauliza. "Hawa wote walinijibu kwa mdomo wako. Nijue vipi walisema nini?"

Nimemwapia kwamba wale niliwatafsiri neno kwa neno. Ni kweli, niliwatafsiri neno kwa neno. Lakini nilijisikia nikiapa, na sauti yangu ilikuwa ileile ya Jumamosi. Kazi yote ile, miguu yote ile, sasa ina shaka kwa sababu yangu. Hilo sikulifikiria hata mara moja. Nilidhani namwibia mtu mmoja tu, tena marehemu.

Kaandika cheti cha kulitoa sanduku ghalani. Meli ya kulichukua ni ya Jumanne. Kuhusu kifurushi cha miundi kasema huenda kimekwisha kuvuka ziwa. Barua kaichana, si kwa hasira. Kaichana kama mtu anayechana karatasi isiyo na kazi.

Jumamosi, 26 Juni
Juu ya magunia ya kahawa. Vumbi. Tumevuka mto pale Kyaka, lori limeharibika mbele kidogo. Nimelala nimekaa. Adelina nilimwambia yote kabla sijaondoka. Kasema neno moja tu: "Nenda."

Jumatatu, 28 Juni
Bukoba. Jana ghala lilifungwa. Leo karani kasoma cheti, kasoma maandishi ya sanduku, kaniuliza mwanamke wa kale nampeleka wapi. Nimesema kwao. Kacheka. Lilikuwa nyuma ya ngozi za ng'ombe, halijafunguliwa.

Posta: kifurushi kimeondoka na meli ya Ijumaa. Ijumaa ileile niliyomwambia Daktari. Ningesema Jumanne kingekuwa mkononi mwangu. Ningesema Jumatano ile ya kwanza, angekuwa amelala.

Jumatano, 30 Juni
Nimefika Bweranyange. Dereva wa lori hakutaka kuendelea alipojua nimebeba nini. Hatua za mwisho nimembeba kichwani. Ni mwepesi mno. Daktari kaondoka jana na madaftari yake. Kaacha ujumbe: ameandika kuomba miundi irudishwe, hawezi kuahidi.

Nimelifikisha sanduku kwa Bibi. Nimesema kabla hajalifungua: miguu haimo, Bibi. Imetangulia Ulaya, nimechelewa.

Kaufunua mfuniko, kayasoma maandishi yangu kwa kidole, ingawa hajui kusoma. Kauliza yanasema nini. Nimemsomea kama yalivyo.

"Wa kale," kasema. "Aliitwa Nyamwiza."

Ijumaa, 2 Julai
Tumemzika asubuhi. Binti wa Bibi kaja na mumewe na mtoto mchanga. Shimo nimelichimba mimi. Mkwe alitaka kunipokea jembe, Bibi kamkataza. Kampanga mama yake mwenyewe, mfupa kwa mfupa, juu ya kitambaa kipya cha gome. Alipofika magotini mikono yake imesimama. Kaacha nafasi urefu wa miguu, kaifunika kwa kitambaa kana kwamba imo. "Ikija, mtafukua hapa tu," kawaambia binti na mkwe.

Katoa maji ya kunawa. Nimenawa wa mwisho. Wengine wamekaribishwa ndani, nimesikia kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kikiwekwa chini. Mimi sikuitwa. Nimelifuta jembe, nikaliegemeza ukutani, nikaondoka.

Jumapili, 4 Julai
Sikwenda kanisani, nimekwenda kwa mchungaji baadaye, nyumbani kwake. Nimesema yote. Kasali na mimi. Nimerudi na uzito uleule, ila sasa najua umbo lake.

Mchana nimeandika barua ya Kiingereza kwa chuo cha Daktari. Imenichukua karatasi nne. Nimeeleza kwamba miundi ile ni ya Nyamwiza, mama yake Kokubanza, mkulima wa Bweranyange, na kwamba mkalimani ndiye aliyedanganya. Nimetia saini jina langu lote.

Adelina kamenya ndizi, kisha kanisogezea kiti kivulini nipate kumalizia. Kesho ni siku ya sindano. Nimechemsha mabomba.