Mkono wa Mzee Jayanti

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefunga duka saa kumi, nikaenda mtaa wa Kitaji kwa mwalimu wangu, Mzee Jayanti. Nimepiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi, saa mbili nzima. Vidole vya kushoto vinauma. Ameridhika, ingawa hasemi. Jumamosi ndiyo tamasha la sanaa za Kihindi hapa Musoma, na wapigaji wengine wanatoka Mwanza. Jukwaani asiye Mhindi ni mimi peke yangu. Naringa kidogo.

Kabla ya kupiga, mwanafunzi huinama akagusa miguu ya mwalimu wake, naye humwekea mkono kichwani. Miaka mitatu nimefanya hivyo nyumbani kwake bila shida.

Jumatano, 6 Novemba

Neema amemwalika baba yake kutoka Butiama aje anione nikipiga. Hakuniuliza. Mke wangu anataka kunisifia, mimi naona balaa. Mbele ya mkwe nakohoa kwa adabu. Sasa aje anione nimeinama miguuni pa mzee aliyekuwa anauza nondo?

Ijumaa, 8 Novemba

Baba mkwe kafika. Kanywa uji, kauliza swali moja tu.

"Hawa Wahindi, ngoma zao wanaziabuduga?"

Nikasema hapana.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimefanya upumbavu.

Ukumbi ulijaa. Wasichana wenye njuga miguuni walicheza mpaka sakafu ikatetemeka. Zamu yetu ikafika. Kijana wa Mwanza akainama kwa mwalimu wake, akabarikiwa, akakaa. Nikafuata mimi. Baba mkwe mstari wa mbele, fimbo katikati ya magoti.

Mzee Jayanti alishanyoosha mkono, anangoja kichwa changu. Nikasimama wima. Nikampa mkono wa salamu, kama watu waliokutana benki. Wake ukabaki juu kidogo, halafu akaushusha, akaupokea wangu.

Nikapiga. Sikukosea hata mahali pamoja. Makofi mengi. Afadhali ningekosea.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani. Baba mkwe alikuwa anafunga mzigo wake arudi Butiama.

"Yule mzee kakufundisha miaka mingapi?"

"Mitatu, baba."

"Na ukamwacha na mkono juu. Kwetu anayekufundisha kazi unamheshimuga."

Neema aliangalia chini. Nilimwogopa baba mkwe bure; kwa kudhani angenicheka, kumbe nilimdharau na yeye. Sina pa kuweka uso.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeuza tairi mbili. Nimemfokea mteja. Kwa mwalimu sikwenda. Mwoga.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekwenda Kitaji. Huwa napita mlango wa jikoni, nikimsalimia mkewe. Leo Mzee Jayanti kanifungulia wa mbele.

Nikamwambia nimekosa. Kwamba nilimwonea aibu yeye mbele ya mkwe wangu, na sasa najionea aibu mwenyewe. Nikainama. Akanishika bega, akaniinua kabla sijafika chini.

"Hapana shida, Bwana Magesa."

Siku zote huniita kijana wangu.

Ikaja chai kwenye vikombe vya wageni, na biskuti kwenye sahani. Tukazungumza habari za mvua. Nikauliza Jumamosi nije kujifunza saa ngapi. Akasema Jumamosi ana shughuli.

Nikamaliza chai, nikashukuru. Akanisindikiza mpaka getini.