Shule ya Magoti Nyuma ya Kinyozi

3 Machi

Mchumba wangu mjukuu,

Hujambo na kazi yako ya kunyoosha watu viungo? Hapa wazima, ila uzee, na huo haukubali dawa. Mazoezi uliyonipa yamelitoa goti langu kutu, hata nimefungua shule nyuma ya kinyozi. Muuza mkaa, mwalimu mstaafu, wote nawakunja asubuhi. Mwalimu analia kama mtoto wa darasa la kwanza! Fundi cherehani aliteleza bafuni, nyonga inamuuma. Huyo namvuta mguu kwa nguvu, maana ni mvivu.

Babu yako, Daktari Goti

6 Machi

Shikamoo babu,

Habari za nyumbani utanipa baadaye. Usimguse tena fundi! Aliyeanguka akaumwa nyonga hupigwa picha kwanza, havutwi. Huenda mfupa umevunjika. Mazoezi yale nilikupa wewe baada ya kukupima wewe. Si chumvi ya kuazimana majirani. Mpelekeni hospitali leo, mkimbeba, asikanyage.

Mjukuu wako

29 Machi

Mjukuu wangu,

Natumai u mzima. Hapa hatujambo, isipokuwa mmoja. Kweli mfupa wa fundi ulikuwa umevunjika. Wamemfanyia operesheni, wametia chuma, wamemrudisha nyumbani na neno moja: apumzike. Anapumzika mpaka miguu imekuwa vijiti. Mkewe ananipita kama anapita nguzo ya umeme. Shule nimefunga. Niandikie mazoezi ya fundi, tafadhali. Safari hii nitavuta polepole.

Babu

4 Aprili

Shikamoo babu,

Pole, na mpe pole fundi. Lakini siandiki. Sijamwona, sijamgusa, sijui chuma kimekaaje. Nikiandika nitakuwa nimefanya ulivyofanya wewe, tofauti yetu koti jeupe tu. Anahitaji mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyesomea, mwenye leseni, na ni haki yake. Hospitali yenu haina? Mwambieni mganga mkuu. Usiende peke yako, nendeni wote mnaoumwa. Mdomo unao.

Mjukuu wako anayekupenda

20 Mei

Mchumba,

Salamu, ingawa nilikununia. Nilipochoka kununa nikawakusanya wanafunzi wangu, tukajaza benchi la mganga mkuu na fimbo zetu. Karani akasema tuandike maombi. Muuza mkaa akamjibu, "Andika wewe mwanangu, sisi tutakaa." Tukawa tunarudi kila Jumatatu, mwalimu akikohoa makusudi. Mwishowe mganga mkuu ameomba mtaalamu kutoka hospitali kubwa, binti wa rika lako, anakuja kila wiki.

Jana tulimpeleka fundi kwake hospitalini, akamuuliza, "Kuna mtu aliuvuta mguu huu baada ya kuanguka?"

Fundi akatazama dari. "Hakuna."

Nikasema, "Ni mimi." Ungekuwa wewe ungetaka kujua.

Mkewe alikuwa mlangoni, akasikia. Binti hakunifokea. Aliandika, akanionyesha pa kumshika fundi, akasema, "Babu, shika tu. Usivute, usifundishe." Kunyamaza ndiko kulikonitoa jasho.

Fundi amesimama. Miguu inatetemeka, ananitukana hadi ukoo, lakini amesimama. Alipokaa, mkewe akaniletea kiti na mimi. Hajanisalimu. Kiti kaleta.

Babu yako