Grafu Yangu Kwenye Visanduku Vyako

Kaka Kiprop,

Umefunga duka ukaenda Nairobi bila kuaga, na simu yangu hushiki. Afadhali. Sijui kama ningevumilia kuisikia sauti yako. Nakuandikia, na wengine wasome pia, maana uliowadanganya si mimi peke yangu.

Unakumbuka Baba akitufundisha kusuka transfoma, pale verandani kwetu Sugoi? Antena yetu ilikuwa waya mmoja tu, kutoka dirishani hadi kwenye mkaratusi. Alituambia redio inataka ohm hamsini, lakini waya ukiunganishwa kwa ncha yake unataka karibu elfu mbili na nusu, kwa hivyo lazima pawe na kitu cha kuwapatanisha. Tukazungusha waya wa shaba kwenye pete nyeusi ya feraiti, mara mbili upande wa redio, mara kumi na nne upande wa antena. Wewe ulizungusha kumi na tatu. Baba hakukugombeza. Alisema tu, "Fungua." Ukafungua yote, ukaanza upya, na jioni tukamsikia mtu wa Zambia akitujibu. Nilikupenda sana siku hiyo.

Baba alipokufa ukafungua duka la vifaa vya redio hapa Eldoret. Uliniomba nikusukie transfoma moja ya mfano. Niliipima siku nzima, nikakuchorea grafu ya vipimo, nikaweka jina langu chini. Nilijivunia, hata sikuuliza utaifanyia nini.

Halafu akaja Mwalimu Wafula wa Turbo, yule anayefundisha redio shuleni kwake kila Jumamosi. Alinishikisha kisanduku cha transfoma ulichomuuzia, kimevimba, kinanuka plastiki iliyoungua.

"Madam, wanafunzi wangu wanaita hewani na hakuna anayewajibu," alisema. "Nimekuwa nikiwaambia hawaiti vizuri."

Kwenye kifuniko ulikuwa umebandika grafu yangu na jina langu.

Nilikifungua. Ndani kulikuwa na pete ya manjano, si feraiti, imeng'olewa kwenye pawasaplai ya kompyuta mbovu. Nikamtuma rafiki aninunulie vingine viwili kwako. Niliviunganisha, kimoja kipandishe volti na kingine kishushe, nione nguvu inayotoka upande wa pili. Zaidi ya nusu ilikuwa imepotelea humo ndani, ikawa joto.

Nikaja dukani. Ulikuwa unakula chapati.

"Sasa nani atapima, sista?" uliniuliza. "Wakishika stesheni mbili tatu si wanaridhika? Pete za ukweli ni ghali."

Hukuacha kutafuna. Hilo ndilo linanichefua hadi leo, kuliko pete zenyewe. Watoto wa watu wanaambiwa hawajui kuita, na wewe unafuta mafuta midomoni kwa mkono wa shati.

Jumapili, wakati wenzetu wa redio wanapokutana hewani, nilitaja namba yangu ya leseni, nikataja duka lako. Nikasema vipimo vilivyo kwenye visanduku vile si vya visanduku vile, na aliye na kimoja akilete nimsukie upya. Kisha mzee mmoja akauliza polepole, "Huyo si ndugu yako?"

"Ndiye," nikajibu.

Wamevileta. Nakwangua karatasi yangu kwa kisu, natupa pete yako, nasuka, napima kila kimoja. Cha Mwalimu kilikuwa cha kwanza. Jumamosi iliyofuata wanafunzi wake walijibiwa kutoka Mombasa, naye akanipigia nisikie wakishangilia. Nilifurahi, kisha nikajichukia, kwa sababu nilikuwa nimekupa jina langu bila kuuliza swali hata moja.

Mama anasema nimekuanika mbele za watu. Anasema, "Huyo ni damu yako."

Najua, Kiprop. Ingekuwa damu ya mtu mwingine, ningenawa mikono nikaenda zangu.

Dada yako, kwa vile sina namna nyingine