Redio Nzito

Nyumba ya Chini,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, siku ya mvua ya kwanza.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu zangu nyingi, na nyingi zaidi kutoka kwa Mama, anayeuliza kama siku hizi unakula au bado unaishi kwa chai. Wifi hajambo? Watoto je, na lile jino la mdogo limeacha kumsumbua? Sisi huku ni wazima, ila miguu ya Mama ndiyo imegoma kabisa. Anatoka kitandani hadi kitini kwa kunishika mabega, na hapo safari ya siku imekwisha.

Mwili wangu ni mzima, lakini roho iko juu juu. Mvua imeanza leo mchana. Nilipoisikia kwenye bati nilikuwa napinda suruali ya mteja, nikajichoma sindano kama mtu aliyeanza ushonaji jana.

Unajua mambo ya bwawa. Likijaa wanafungua milango, na maji yanashuka huku kwetu. Hutangaza redioni mapema ili watu wapate muda wa kupanda hadi shuleni. Lakini mvua kubwa huja na kukatika kwa umeme, na redio yetu ni ya kuchomeka ukutani. Mwaka jana ilikaa juu ya kabati na kitambaa chake cha kufuma, imependeza, haisemi neno. Mnara wa simu nao ulizimika. Tangazo lilitolewa, majirani wa juu walilisikia. Sisi tulijulishwa na maji yenyewe, yalipopita chini ya mlango mchana kweupe.

Sikukueleza vizuri wakati ule kwa sababu sikutaka ukose usingizi. Mama aliokolewa na jirani yetu mwoka mikate. Alimpakia kwenye mkokoteni wake, akasukuma maji yakiwa kiunoni, huku Mama anamwambia asije akamuuza kwa bei ya mkate wa jana. Watu walicheka. Mimi meno yalikuwa yanagongana. Sasa mwoka mikate amehama, chumba chake kina kufuli, na ubavuni kwetu hakuna mtu wala mkokoteni.

Ndiyo maana uliposema tuchague redio isiyotegemea umeme wa ukutani, sikungoja. Fundi redio alinitolea mbili. Moja ni ndogo, inaenea kiganjani, ina betri nyembamba na kipande cha sola mgongoni. Nyingine ni dude la kubebwa kwa mikono miwili. Inatumia betri kubwa za tochi, ina sola pia, na vyote vikiisha unazungusha mkono wake ubavuni, kama cherehani yangu ya zamani, nayo inaongea. Fundi alizima umeme wa duka nizisikilize. Ile kubwa ilisikika hadi kwa kinyozi ng'ambo ya barabara. Ile ndogo, mvua ikipiga bati, ungelazimika kuibandika sikioni.

Nikarudi kumweleza Mama nikidhani jambo limekwisha. Akasema nichukue ndogo. Nikamwambia haitasikika. Akarudia, chukua ndogo, hilo dude utalibebaje? Nikamjibu kwamba redio haiendi popote, itakaa mezani kati yetu. Akavuta uzi wake, akaendelea kufuma. Unamjua Mama akishaamua.

Kesho yake akaomba futi yangu ya kupimia nguo. Maisha yangu yote mimi ndiye ninayepima watu. Aliniinamisha mbele ya kiti chake, akanipima kutoka begani, kupita kifuani, hadi kiunoni. Nikamtania, ananishonea gauni la harusi gani uzee huu? Akasema ni kifuko cha redio.

Amekimaliza jana. Ni kizuri, cha uzi wa bluu, kidogo, chenye mkanda wa kupita kifuani ili mikono ibaki huru na mtu aweze kukimbia. Mtu mmoja. Nilikivaa, kikanikaa sawasawa, na ndipo nikaelewa.

Nikamuuliza yeye atakimbiaje. Akasema, "Mwanangu, wewe una miguu. Mimi ninayo ya mapambo. Ukisikia tangazo, usirudi chumbani kwangu kuchukua chochote."

Kijiti, niliogopa kuliko nilivyowahi kuyaogopa maji. Nilikwenda kulia nyuma ya tangi la maji ili asinione. Siku zote hizi nilidhani tunaogopa kitu kimoja.

Leo asubuhi nimenunua ile nzito. Iko mezani, nimeizungusha hadi bega linaniuma, na wakati naandika inasoma matangazo ya vifo. Ninachotafuta ni muda tu. Nikisikia mapema, nitamvuta Mama kwa blanketi hadi shuleni, hata kama ni hatua kwa hatua. Nguvu hizo naziomba, kwa sababu kusema kweli sijui kama ninazo.

Kile kifuko nimekitia dawa za Mama, nikamvika yeye shingoni. Amenuna tangu asubuhi, hataki hata chai yangu. Lakini hajakivua.

Simu zikikatika, usiulizie habari zangu peke yangu. Popote watakapokuambia nipo, Mama yupo hapo hapo.

Msalimie sana wifi, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awafunike huko mliko, na atukumbuke na sisi tulio chini.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Fundi Cherehani