Wimbo wa Sita

Trizah, nimekwama kwa nyumba hapa Makina tangu kura itangazwe.

Unakumbuka ile CD ya nyimbo za series ya TV ulinipea Krismasi? Nilikuwa nasikiza nikipiga pasi. Hizi mabati hazifichi kitu.

Vijana wa barrier, wale wamefunga barabara wakiuliza watu kabila, wakabisha. Mmoja, ako na panga, akaniuliza, “Hiyo CD iko na kila lugha. Wewe unapenda wimbo gani?”

Wimbo gani, Trizah. Aliniuliza polepole hivyo.

Nikasema wa sita, ile filimbi tupu, haina maneno.

Akasema, “Ni poa. Lakini tangu asubuhi umerudia wa tatu.”

Wa tatu ni wa lugha ya kwetu.

Sasa ameketi mlangoni. Anataka niuweke tena, nimwambie unasema nini.