Ndahani Ananiita Ndugu

Lusaka,
Jumapili mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla hata ya kutafuta miwani. Goti lako linakuruhusu kufika shambani, au bado mama anakukatalia? Na mahindi ya Itetemia yameota, au mvua imewadanganya tena? Mimi mwili hauna neno. Ni mengine ndiyo yamenifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenyamaza, na kimya chako sikiwezi. Barua anakuja nayo dereva wa lori anayepeleka mzigo Nzega.

Mji huu ni mzuri kwa mtu wa kupita. Asubuhi kuna baridi ya kuvaa koti, ugali wao ni wetu ule ule ila wanauita nshima, na kazi ya kutengeneza mafriji haiishi. Raha kubwa ni kwamba hakuna anayeniuliza mimi mtoto wa nani. Navaa nitakavyo, narudi nitakapo. Na ubaya wake ndio huo huo. Niliugua malaria, nikalala ndani mpaka nikapona, na jirani wa ukuta kwa ukuta hakujua.

Ndiyo maana nilipompata Ndahani nilifurahi kama mtoto. Ni Mgogo wa Kongwa, karani wa ghala lililo jirani na karakana yetu, ameoa huku huku. Siku niliyomwambia mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, alivua begi lake akanitwika kichwani mbele ya watu. Akasema, "Mpagazi, umechelewa. Mzigo huu umekungoja tangu enzi za babu." Nikaubeba mpaka getini, nikaufungua, nikala mkate wake wote, nikamwambia narudisha hongo waliyotutoza babu zake misafara yetu ilipokunywa maji ya Ugogo. Wazambia walidhani tutapigana. Tangu hapo hakuniita jina langu, ni Mpagazi tu, na mimi nikajiona nina ndugu.

Mwezi uliopita mama yake alifariki huko Kongwa. Pasipoti yake ilikuwa imeisha muda, hakuwahi maziko, matanga yakawekwa nyumbani kwake hapa. Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kazi ya mtani msibani. Nilikuona kwa jirani yetu Mgogo, ulipoingia kaburini ukajilaza, ukasema pako vizuri, hutoki mpaka wafiwa wakuletee mto na pombe. Mjane alicheka huku machozi yanamtoka.

Mimi nilikwenda na suti nyeusi, nimefuatana na meneja wetu. Huyo ndiye mwenye kauli juu ya mkataba wangu, na kwa muda mrefu nimejitahidi anione mtu mstaarabu. Ndahani alikuwa mkekani na shemeji zake. Aliponiona alinyanyua uso, akajiweka sawa, akangoja. Nikampa mkono, nikampa pole kwa Kiingereza, nikaenda kukaa kwenye kiti.

Alidhani nimesahau, akanikumbusha kwa sauti mbele ya wote. "Mpagazi, mama yangu kafa nawe unakuja mikono mitupu? Nani atambeba?"

Watu wakageuka. Meneja akaniinamia kuuliza amesema nini. Nikamjibu kwamba anatushukuru kwa kuja.

Ndahani anajua Kiingereza, Baba. Alinisikia.

Alinisindikiza mwenyewe hadi nje, wala hakugomba. Aliniambia, "Mama sikumzika. Nilijua wewe utakuja kunizikia. Tangu jana nakaa nangoja matusi yako."

Sasa kila asubuhi ananiambia, "Habari za leo, ndugu Maganga." Ananiamkia kwa adabu kama mtu wa benki. Nilijaribu kurekebisha, nikapita ghalani kwake na gunia kichwani, nikamuuliza maiti iko wapi niibebe. Akasema, "Asante, ndugu, weka tu hapo." Nikaliweka. Naona aibu, Baba. Naona aibu kula, naona aibu kupita mbele ya lile ghala, na suti ile siwezi hata kuitazama.

Pasipoti yake imetoka. Anakwenda Kongwa kwenye arobaini ya mama yake, na mimi kazini wamenikatalia ruhusa. Nakuomba uende badala yangu, upande treni mpaka Dodoma, kisha basi la Kongwa. Siku yenyewe na jinsi ya kufika nimeandika nyuma ya bahasha. Najua goti. Ningekuwa na mwingine wa kumtuma nisingekusumbua.

Nisalimie mama, umwambie michembe ya viazi aliyonitumia imekwisha. Msalimie dada na wanawe, mjomba fundi baiskeli wa Gongoni, na shangazi wa Nzega ambaye lazima ataisoma barua hii kabla yako.

Ukifika Kongwa usiniombee radhi. Ukianza na radhi watakupa kiti na chai kama mgeni, na tutakuwa tumeharibu mara ya pili. Mtukane Ndahani, utukane ukoo wake, na marehemu naye umpe haki yake, mpaka wacheke. Wakishacheka, ndipo umwambie wewe ni baba wa nani.

Ni mimi mwanao, niliyeinamisha kichwa,

Maganga