Mwavuli wa Kundan Rautela

Umetimia mwaka tangu korongo la nyuma ya nyumba likuchukue, Baba. Mama bado anamimina vikombe viwili vya chai asubuhi, kisha kimoja anakirudisha jikoni.

Ulikuwa mtu wa sauti ndogo. Kwa miaka kumi na tisa uliwaongoza wageni wenye kamera ndefu kama mitutu waje kupiga picha ndege wadogo wa mlima wetu. Uliwakalisha ndani ya kibanda cha turubai, wakangoja mpaka ndege aje kwa hiari yake. Kiota hukumwonyesha mtu. "Asiyeweza kungoja akapige picha kuku," ulisema, nasi tulicheka, ingawa kila msimu wageni walipungua.

Ulikula upesi, uliimba vibaya, na ulimwita Mama kwa jina lake, "Hansi", mbele za watu, jambo ambalo Bibi hakulisamehe mpaka anakufa.

Mwaka jana, joto lilipoanza, ndege chozi alitundika kiota kwenye mwaloni ulioinamia korongo, kikasitirika kwa majani. Khushal, mdogo wako, alileta wageni wake kibandani, akakata matawi ili kiota kionekane vizuri. Makinda watatu wakabaki juani, midomo wazi, wakihema. Wewe ukapanda na mwavuli wa Mama, ukasimama juu ya tawi ukiwatilia kivuli.

"Wawekee na feni basi, kaka," Khushal alisema, na kibanda kizima kikacheka.

Ukaanza kuufunga mwavuli kwenye tawi kwa kamba ya kubebea majani ya ng'ombe. Mgeni mmoja akaita, "Mzee, sogea kidogo, unaziba mwanga."

Ukasogea. Hukuwahi kumnyima mgeni jambo dogo.

Kunguru aliwamaliza makinda kabla hatujakupandisha kutoka korongoni. Picha yao ilitoka nzuri. Imepata tuzo mjini, na Khushal ameitundika kwenye kibanda chako, ambacho sasa anakiita chake.

Juzi alikuja kula chakula cha kumbukumbu ya mwaka wako. Mama alimpikia mwenyewe, wali na mchuzi wa soya nyeusi, ule uliokuwa ukiupenda. Alipomaliza sahani ya kwanza, Khushal akajifuta mdomo.

"Shemeji, kwenye lile tangazo la gazetini la kumkumbuka kaka, jina langu liwe juu kabisa. Wageni wangu husoma."

Sisi mabinti zako tulitazama chini. Mama akamwongezea wali.

"Litakuwa la kwanza, shemeji. Kula ushibe."

Unakumbukwa na Khushal Singh Rautela, mdogo wako, aliyekata matawi, mkeo Hansi, na binti zako, Bhagirathi na Nirmala.

Daima utakuwa nasi, Baba. Na yeye hatutamwacha akusahau.